Mlio Niliotamani Uwe Mkubwa

Alhamisi. Mvua ya mchana imekatika, lakini mtaa wetu wote wa Kitendaguro bado unachuruzika, na mimi nimekaa sebuleni na viatu vyenye tope. Sina hata hamu ya kuvivua.

Leo nimejua gari langu lilikuwa linagonga nini. Heri nisingejua.

Mlio ulianza baada ya safari yangu ya mwisho Muleba, nilipokwenda kumsalimia Shangazi Paskazia, dada yake baba. Ko-ko-ko, upande wa kushoto wa injini, hata gari likiwa limesimama. Ukikanyaga mafuta, nao unaongeza mwendo. Kwenye barabara mbovu ndiyo usiseme. Nilifungua boneti nikapima oili, ipo. Nikatazama maji, yapo. Nikafunga boneti, nikafungulia redio kwa sauti. Ufundi wangu wote uliishia hapo.

Kulikuwa na harufu pia, ya kitu kinachooza. Nilidhani panya, nikashusha vioo.

Jumamosi iliyopita asubuhi Shangazi alinipigia simu. Rafiki yake Ma Verediana, ambaye walipokea pamoja komunyo ya kwanza na kuolewa kijiji kimoja, alikuwa amelazwa hapa Bukoba na hali yake ilikuwa mbaya. Aliomba nimfuate. Miguu yake haiwezi tena kusimama barabarani kungoja basi, na akipanda basi hutapika njia nzima.

"Shangazi, gari linagonga," nilimwambia. "Ni injini. Likituzimikia njiani itakuwa shida."

"Basi usilitese, mwana wange. Nitaona la kufanya."

Ukweli ni kwamba sikutaka kwenda. Ilikuwa siku ya mpira, nimeahidiana na wenzangu kuutazama Bilele, hapa mjini, na kwa Shangazi hakuna kufika na kugeuza. Utakaa, utatafuna punje za kahawa za kukaribishia mgeni, utakula, utaulizwa unaoa lini, kisha utapakiwa mikungu ya ndizi mpaka buti ligome kufunga. Kwa hiyo mchana nilikwenda Bilele.

Kwa gari hilohilo. Likigonga hivyohivyo.

Shangazi alikuja kwa basi Jumatatu, peke yake. Alipofika wodini, kwenye kitanda cha Ma Verediana alikuwa amelala mgonjwa mwingine.

Alinipigia simu, nikamkuta kwenye benchi la nje ya wodi, kitenge kimelowa mvua, viatu ameviweka pembeni. Nilimwamkia nikitazama chini. Hakunilaumu, wala hakuuliza nilikuwa wapi. Alinishika mkono.

"Gari limepona? Nimelisalia rozari, mwana wange."

Gari langu limesaliwa rozari.

Alirudi Muleba na gari la msiba. Tangu siku hiyo nimekuwa na ombi moja, na naona aibu kuliandika hapa: nilitamani injini iwe imekufa kweli. Kama ugonjwa wake ni mkubwa, basi sikudanganya. Basi nilikuwa mtu mwangalifu, niliyemwepusha mama mzee na kukwama njiani. Nililala na wazo hilo, nikaamka nalo, na leo nikalipeleka gari Hamugembe kwa fundi Swaibu nikiomba habari mbaya.

Swaibu ana maneno mengi na husikiliza injini amefumba macho. Alisikiliza, akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Kaka, hii ni beringi. Hapa injini inashuka, inafunguliwa yote, tusidanganyane."

Nilifurahi. Mtu gani anafurahi kuambiwa injini yake inashuka? Nilimwomba hata arudie, nikajifanya sijasikia vizuri. Nilisimama pale gereji nikiwa mwepesi kabisa, nikipanga jinsi nitakavyompigia Shangazi: umeona, nilikuambia.

Swaibu akapiga jeki, akaingia chini kufungua kava la plastiki linalokinga injini na matope. Kitu kikaanguka kwa kishindo. Halafu nikamsikia anacheka huko chini mpaka anakohoa.

"Kaka, njoo uione beringi yako!"

Kilikuwa kibakuli cha bati chenye maua mekundu. Mfuniko wake ulikuwa umeegemea injini, na kila injini ilipotetemeka, ulikuwa unagongwa.

Nilikitambua kabla hakijafutwa tope. Siku ile naondoka Muleba, Shangazi alinitilia humo ndizi na maharage ya njiani, akakizungushia jani la mgomba. Nami nikakibana kando ya betri, kama alivyokuwa akifanya baba, ili joto la injini lisiache chakula kipoe. Kumbe nilipofika mjini nilipitia kwa wenzangu, tukala chipsi, nikakisahau. Kikateleza chini. Jani limekuwa jeusi, na zile ndizi alizonimenyea kwa mikono yake sizielezi zilivyokuwa.

Mafundi wote wa jirani waliitwa kuja kuona. Walicheka, nikacheka nao. Halafu nikaingia garini, nikawasha, na injini ikanguruma vizuri, bila kasoro yoyote. Nililia mpaka Swaibu akageuka akajifanya anatafuta spana.

Jioni hii Shangazi kapiga simu. Anataka kujua fundi kasema nini.

"Kitu kidogo tu, Shangazi."

"Mungu ashukuriwe," akasema, na furaha yake ilikuwa ya kweli. Nikakata simu haraka. Nimemdanganya kwa mara ya pili.

Kibakuli nimekisugua kwa majivu, kiko hapa mezani. Mfuniko umebonyea upande mmoja na maua yamebanduka. Kesho naomba ruhusa kazini niende Muleba, na nitamweleza yote nikiwa bado mlangoni, kabla hajanikaribisha kahawa, maana akishanikaribisha sitaweza.

Ila kwetu humrudishii mtu chombo chake kitupu. Nimefikiria sukari. Nimefikiria samaki wa ziwani, anawapenda. Kila ninachokitaja, nakitazama kibakuli, natafuta kingine.

Mtu aliyekosa kumuaga rafiki yake kwa sababu yangu, nimtilie nini humu?