Mpini Uliobaki Kasulu

Kaka Stefano,

Shikamoo. Najua huitikii. Simu huitikii, ujumbe huitikii, sasa shikamoo ya kwenye karatasi utaiitikia saa ngapi? Lakini nimeitoa hivyo hivyo, kwa sababu huku Bukavu sina wa kumpa. Wiki ya kwanza nilimpa mzee mmoja jirani, akanitazama, akasema, "Jambo, papa," akaendelea kukatia mbuzi wake majani. Nikampa mama mmoja kanisani, akamgeukia mwenzake wakacheka, wala si kwa ubaya. Nikaacha. Huu mwaka wa pili sijamwamkia mtu, na sikujua kwamba hicho nacho ni kitu mtu anaweza kukitamani.

Bahasha ya barua hii sijaifunga. Nampa dereva anayeshuka Uvira, naye atatafuta mtu wa kuvuka nayo ziwa mpaka Kigoma, na njiani asome atakayesoma, sina siri. Nimeiacha wazi makusudi ili shemeji Anastazia aipokee yeye na akusomee kwa sauti, maana ikikufikia mkononi utawashia jiko. Shemeji, salamu nyingi. Ukifika mahali anapoinuka kwenda nje, wewe endelea tu, ongeza sauti.

Siku niliyoondoka ninayo yote kichwani. Nabintu alikuwa amepata habari kwamba mama yake ameanguka bafuni, upande wa kulia umepooza, na nyumbani kwao hakuna aliyebaki wa kumgeuza kitandani. Miaka sita mke wangu alikaa Kasulu na sisi, alipika na sisi, mama yetu alimzika na sisi. Nikasema nitakwenda naye. Wewe ulikuwa unanoa kisu cha randa, hata kichwa hukuinua. "Mwanaume haolewi, Gervas." Hayo tu. Nikakujibu neno ambalo siliandiki hapa, shemeji asije akalisoma. Kisha nikauteremsha ukutani msumeno wa baba, ule mrefu wa kupasulia mbao, kwa sababu baba alisema ni wetu sote na mimi ndiye niliyekuwa naenda kuanza upya. Ukaniangalia nikiufunga kwa magunia. Nilipofika nao mlangoni ukachukua nyundo, ukagonga kabari mara mbili, ukachomoa mpini wa chini na kuutia kwapani.

"Haya, nenda," ulisema.

Nilikulaani njia nzima, Kaka. Msumeno wa watu wawili wenye mpini mmoja ni bati tu. Nilijiambia: huyu ameona hawezi kuninyima mbele ya watu, basi ameuharibu ili nisiutumie.

Lakini njia ni ndefu, na mtu hawezi kulaani siku mbili mfululizo. Tulipokuwa majini, watu wametapika, Nabintu amelala begani kwangu, nikaanza kukumbuka ulingo wetu kule nyuma ya shamba. Baba alitupanga mwenyewe. Gogo juu ya ulingo, wewe juu ya gogo, mimi chini. "Mkubwa ndiye anayeuona mstari," alisema, "na mdogo ana mgongo." Mstari sikuwahi kuuona. Niliona miguu yako, na mawingu kidogo, na unga wa mbao unaoshuka. Uliniimbia kutoka huko juu nyimbo za ovyo kuhusu wasichana wa Heru, ili nicheke nipaliwe. Na unga ulipoingia jichoni nilipiga kelele, "Kaka, simama!" Ulisimama papo hapo, hata kama baba alikuwa anatutazama. Ulishuka, ukanishika kichwa, ukanitoa kile kibanzi kwa ncha ya ulimi kama bibi alivyokuwa akitufanyia. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, Kaka, nina ndevu, na wewe unanilamba jicho mbele ya wateja. Nilikasirika siku ile. Leo ningelipa ng'ombe.

Basi. Nikueleze ninapoishi, maana hukuwahi kuuliza.

Tunakaa Panzi, nyumba ya mama mkwe. Mji huu umejengwa juu ya milima, nyumba imesimama juu ya nyumba nyingine, na mvua ikinyesha unasikia udongo unatembea chini ya kitanda. Maji tunapandisha kwa mabidoni, ndivyo wanavyoyaita madumu. Ziwa wanalo lao, si lile letu, zuri kweli, ila halina migebuka. Wana visamaki vyao vidogo, sambaza, vitamu na bugali, na mimi kila nikivila nalinganisha. Nabintu ananiambia niache kulinganisha. Nashindwa. Hayo mengine unayoyasikia redioni siyaongezi hapa, wewe mtu wa wasiwasi. Tupo, tunalala, tunaamka.

Nabintu alipata kazi ofisini, anaondoka asubuhi na kurudi jioni. Asubuhi anamwogesha mama yake na kumvisha, jioni tena. Katikati ya hapo ni mimi. Wewe unajua sisi tulivyolelewa: mama mkwe ni mtu wa kupishana naye njia, ukimwona kwa mbali unaingia porini. Sasa mimi ndiye ninayemnywesha uji. Namfuta kidevu. Miezi ya kwanza niliufanya huo mchezo nimegeuza uso pembeni, kijiko kikamwingia puani, akanikemea kwa Kimashi, lugha yao, na nilivyoelewa hayakuwa maneno ya sala.

Mchana nakuwa kwenye banda la seremala nililoliegemeza ubavuni mwa nyumba. Wateja ni wachache. Hawana ubaya na mimi, ila kila mtu ana fundi wake, shemeji yake au mtoto wa shirika lake la kanisani, na mimi ni "ule Mutanzania". Natengeneza vigoda. Kuna siku inafika saa tisa sijatamka neno zaidi ya "mama, fungua mdomo". Wanaume wenzangu hawaniulizi kwa nini nimemfuata mke, ila nawaona wanavyoniangalia nikianika mashuka, na kila nikiwaona nasikia sauti yako. Mwanaume haolewi. Kuna mashuka niliyarudisha ndani yakiwa mabichi.

Msumeno niliutundika sebuleni, kwa sababu bandani kuna unyevu. Upande mmoja mpini, upande mwingine pengo. Mtu mmoja tu ndiye aliyezoea kuja kukaa nami, jirani aitwaye Papa Mugisho, zamani alikuwa dereva wa lori, mabega kama mlango. Alikuja na habari zake na kicheko chake, anakunywa chai yangu, anamsalimia mama mkwe kupitia ukutani. Siku moja akauangalia msumeno sana.

"Papa, hii musumeno inakosa mukono moya?"

Nikamwambia ndiyo.

"Na weye seremala muzima unashindwa kuchonga kamukono?"

Kaka, sijui kilichonipanda ni nini. Nilimwambia ashughulike na nyumba yake, ya kwangu aniachie. Akaweka kikombe chini, chai nusu. "Pardon, papa," akasema, akaondoka taratibu. Wiki tatu akawa ananisalimia kutoka barabarani, hapandi. Nikabaki na vigoda vyangu. Na kweli alikuwa amesema haki: mpini ule ni kazi ya saa moja, mtu mwenye patasi butu angeuweza. Mimi nilikuwa nimekaa nao mwaka na nusu. Nilijua sababu, ila sikutaka kuisema. Nikiuchonga nitakuwa nimehama kweli. Mpaka hapo nilikuwa nimesafiri tu.

Kisha mama mkwe akaanguka kitandani.

Nilikuwa bandani, nikasikia kishindo. Nilimkuta sakafuni, gauni limepanda, mkono mzima umeshika mguu wa kitanda. Nilisimama mlangoni kama mjinga. Nikatoka nje kumwita mama wa jirani, hakuwepo. Nikarudi. Akaniambia, "Utanitazama mupaka lini?" Basi nikamfunika kwa kitenge, nikamnyanyua mikononi, mama wa mke wangu, mwepesi kupita nilivyodhani, nikamlaza, halafu nikakaa chini sakafuni. Yeye ndiye aliyeanza kucheka. Akacheka kwa ule upande mmoja wa mdomo mpaka machozi yakamtoka, na mimi nikacheka, na baada ya hapo aibu yote ikaisha nyumba ile.

Kutoka kitandani kwake mlango ukiwa wazi msumeno unaonekana. Akaniuliza mpini mwingine uko wapi. Sijui kwa nini nilimwambia. Nilimwambia yote: wewe, ulingo, nyundo, kabari, hata lile neno nililokujibu. Nikamwambia, "Kaka yangu aliuharibu makusudi."

Aliuangalia tena msumeno kupitia mlangoni.

"Aliondoa mukono ya nani?" akauliza.

"Wa chini."

"Ya chini ilikuwa ya nani?"

"Yangu."

"Sasa mukwe," akasema, polepole, maana maneno yanamtoka kwa taabu, "kama iko na hasira tu, angekamata musumeno muzima. Alikamata mukono yako. Ule mutu iko anakuchungia fasi."

Fasi kwao ni nafasi, mahali pa mtu. Kaka, nilitoka nje nikasimama nyuma ya nyumba penye mparachichi na nikalia hadharani, watoto wananitazama. Mwaka na nusu nimebeba kwamba umenifukuza! Na wewe mtu usiyejua kusema, tangu lini umejua kusema, ulikuwa umeniwekea mahali pangu kwapani.

Kama sivyo, kama kweli ulikuwa na hasira tu, usiniambie.

Nikaamua kumtengenezea kitanda chenye ukingo, asianguke tena. Mbao za kununua zipo tele, lakini yeye akasema huko Miti, kwenye shamba lao, kuna mkalitusi alioupanda marehemu mumewe, upepo umeuangusha, na anataka alalie huo. Mtu wa mashine aliahidi Jumatatu, akaahidi Jumatatu nyingine, na ya tatu hakupokea simu. Nabintu akanitazama, akautazama msumeno, akarudi kwa mama yake. Ana busara, mke wangu.

Asubuhi yake nikakata tawi la mparachichi. Nilitumia ile ile saa moja. Kipimo nilikichukua kwenye viganja vyangu mwenyewe, kwa sababu ule wa zamani wa kupimia ulibaki kwako, na nilipogonga kabari ikaingia bila ubishi nikaona hata vibaya ilivyokubali haraka. Nikateremka kwa Papa Mugisho. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kuomba radhi, akanikata: "Tunaenda wapi, na tunabeba chakula gani?"

Tukapanda mpaka Miti sisi wawili, Nabintu akabaki na mama yake. Vijana walitucheka barabarani: wazee, dunia iko na machine! Tulijenga ulingo, tukapandisha gogo, nikapiga mstari kwa uzi na makaa kama baba. Papa Mugisho akaanza kuinama aingie chini, kwa sababu mwenye msumeno ndiye fundi, na fundi hukaa juu. Nikamshika bega. Nikamwambia apande yeye.

"Papa, mimi sijui kufuata mustari."

Nikamwambia utajua. Kukanyaga mahali pako sikuweza, Kaka. Nisamehe kama ilikuwa ujinga. Mbao mbili za kwanza zilitoka zimepinda kama njia ya mlevi, na mama mkwe atalalia hizo hizo.

Nikaingia chini. Nikashika mpini mpya, mgeni, bado una utomvu. Juu nikaona miguu ya mtu na mawingu kidogo. Tukaanza, mara ya kwanza unakwama, mara ya pili unakwama, kisha ukaanza kwenda, na ile sauti ikaja, ile ile, na unga ukaanza kunishukia mabegani una harufu ya dawa ya kifua. Nilisahau niko wapi. Nakuambia kweli, nilisahau kabisa. Unga ukaniingia jichoni, na mimi nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote:

"Kaka, simama!"

Na msumeno ukasimama.

Papa Mugisho alishuka haraka, miguu mizito, akanishika kichwa kwa mikono miwili akanipuliza jicho. "Niko hapa, ndugu," akasema. "Fungua. Niko hapa." Mtu mwema. Nilifungua jicho nikamwona ni yeye, nikalifumba tena, na alidhani kibanzi bado kimo.

Nilikuita wewe, Kaka. Amesimama yeye.

Kitanda kimekwisha. Mama mkwe anasema kinanuka vizuri, ila ukingo ni mrefu kama wa zizi. Papa Mugisho amerudi kwenye chai yake. Nadhani sasa nimehama. Sisemi kwamba sirudi, wala sisemi narudi lini. Mama mkwe akiwa hai simwachi.

Nakuomba jambo moja tu, na shemeji awe shahidi. Ule mpini wa chini usiutie kwenye msumeno mwingine, wala usimpe mtu. Utundike hapo mlangoni ulipochomolewa. Ukikutana nao asubuhi ukiingia kazini, ukuamkie kwa niaba yangu.

Na shikamoo ile ya juu, iitikie hata kimoyomoyo. Nitajua.

Mdogo wako, mtu wa chini,
Gervas