Farasi Hakanyagi Mtu

Kambini, 4 Mei 2024

Shikamoo mama. Mimi mzima, ila mapaja yanawaka kwa tandiko. Kifua chako je?

Mwanao polisi siku hizi anafanya doria juu ya farasi, usicheke. Tumeletwa sita kuzuia ugomvi wa wakulima na wafugaji. Ukiwa juu unawaona ng'ombe walioingia kwenye ufuta kabla mwenye shamba hajajua, na unapita panapozamisha gari. Watu wakituona wanatulia wenyewe. Farasi wangu, kunywa maji tu ndiyo balaa, ndoo tatu kwa siku! Ana huruma pia: mtu akilala njiani hamkanyagi, husimama.

Mwanao, Ridhiwani

Mitole, 12 Mei

Marahaba mwanangu. Kifua kimetulia, mguu ndio haunipi usingizi.

Ng'ombe wameshinda siku mbili kwenye ufuta wangu, na farasi wenu hawakuwaona. Sasa tumeambiwa Jumatatu ya tarehe ishirini tuhame mashamba ya bondeni, eti ni njia ya mifugo. Hatuhami. Wanawake kumi na wanne tutalala njiani. Wenzangu walikuwa wanaogopa, nikawasomea barua yako. Jirani yangu Maftaha alicheka mpaka akakaa chini, akasema yeye atalala wa kwanza. Ukipangwa siku hiyo, jifanye mgonjwa.

Mama yako, Batuli

Kambini, 18 Mei

Shikamoo mama. Leo sina nafasi ya kuulizana hali. Msilale.

Yale niliyokuandikia ni ya uwanja wa mafunzo. Bonde lenu lina mbung'o. Jana mmoja alimuuma farasi wangu, akakimbia nami mpaka hatamu zikanichana viganja. Akiwa hivyo haoni mtu. Nimeomba ruhusa ya ugonjwa, nimenyimwa. Tunaingia Jumatatu saa mbili asubuhi. Simu zetu zimekusanywa, na kukwambia haya ni kutoa siri ya kazi, wakijua, wananifukuza. Barua nampa mtu wa bodaboda. Naogopa, mama. Nakuomba kwa maziwa yako niliyonyonya, kaeni pembeni.

Ridhiwani

Mitole, 22 Mei

Mwanangu, u mzima? Nilikuona umeshuka ukatukimbilia, kisha wenzako wakakuvuta.

Maftaha yuko hospitali, nyonga imevunjika. Farasi wako alisimama, kwa macho yangu alisimama mbele yetu, halafu akarusha kichwa akaja, wewe ukiwa bado juu yake. Barua yako imefika jana. Mvua ya Jumapili ilikata njia, bodaboda akalala ng'ambo ya mto.

Hapa wanasema polisi alimwandikia mama yake uongo ili tulale tukanyagwe. Napiga hodi, siitikiwi. Nimempelekea Maftaha uji, umerudishwa kama ulivyo. Inaniuma, maana mimi ndiye niliyewasomea. Hii barua ya pili ingekusafisha, na ingekufukuzisha kazi. Iko chini ya godoro. Nimeshindwa kuamua peke yangu.

Mama yako

Kambini, 25 Mei

Shikamoo mama. Mwili mzima, moyo ndio mgonjwa.

Wasomee. Anza na Maftaha, hukohuko wodini, na usiruke pale niliposema ni siri. Mwambie pia kwamba ya kwanza niliandika kwa kujisifu, bila kujua ninachokisema, na nitakuja kumwambia hivyo mwenyewe. Mkuu wangu akizipata habari, azipate. Mimi nitatafuta kazi nyingine. Wewe huna kijiji kingine.

Mwanao, Ridhiwani