Mbebe Mjukuu, Dada

Dada Rehema,

Soriasisi yako haiambukizi. Amesema daktari wa ngozi hapa Machakos leo asubuhi. Chembe za kinga mwilini hupigiana mbiu ya hatari hata pasipo adui, nyingine huja mbio, na ngozi huvimba.

Mama mmoja wa Masii, mwenye mabaka kama yako, alimkatiza: “Ati daktari, na vile nimekula na sahani yangu pekee miaka yote?”

Daktari akamshika mikono yote miwili. “Kula na watu wako, mwaitu,” yaani mama kwa Kikamba.

“Basi hiyo sahani sasa ni ya kulishia kuku!”

Namshukuru sana mama huyo. Nawe acha kumtazama mjukuu kwa mbali, mbebe. Daktari atakuona Alhamisi ya mwisho wa mwezi, saa tatu asubuhi.

Nduguyo akupendaye,
Salim