Mwaka Pilau ya Msitu Ilipochelewa

Jumatatu, 4 Agosti

Bi Rayya kaurudisha mchuzi jikoni mara ya pili. Kwanza chumvi, halafu nazi nzito. Nimeupasha moto tu nikampelekea vilevile, akausifu. Mwaka wa nne huu nampikia, na mchezo ni uleule.

Nje hapa Al Twar, Dubai, hakutokeki. Hata paka wa jirani wamehamia chini ya gari. Ndani kiyoyozi, miguu yangu ya baridi.

Mchana kapiga simu mdogo wangu Zuhura. Msitu wa kijiji umelipa! Wanunuzi wa magogo wamemaliza kulipa, na mwenyekiti kaitisha mkutano mkuu Jumamosi ya tarehe thelathini. Fungu la doria na kupanda miti linabaki kwa kamati ya maliasili, kama kawaida. Fungu la maendeleo ndilo la kupigiwa kura. Imependekezwa miradi mitatu: varanda ya ofisi ya kijiji, uwanja wa mpira, nyumba ya nesi.

Varanda. Ofisi ile tuliijenga kwa pesa za msitu, tukaipaka rangi kwa pesa za msitu, tukaiwekea dari kwa pesa za msitu. Sasa inataka varanda. Mwaka mwingine itataka mchumba.

Mimi nataka nyumba ya nesi.

Jumatano, 6 Agosti

Zuhura kanieleza vizuri leo. Nesi Upendo analala kwenye chumba cha nyuma cha zahanati, pamoja na maboksi ya dawa na popo. Ameshaandika kuomba uhamisho. Kasema wazi: mkutano ukipitisha nyumba, ataufuta na atangoja wajenge. Usipopitisha, anaondoka mwezi wa tisa.

Zuhura anajifungua mwezi wa kumi na moja.

Mtoto wake wa kwanza alifia njiani, juu ya pikipiki, wakiwahi hospitali ya wilaya. Zahanati ilikuwepo, nesi hakuwepo. Mimi nilikuwa hapahapa nakata vitunguu, na nilipopigiwa simu niliendelea kuvikata kwa sababu sikujua mikono niipeleke wapi. Sitaki tena simu ile. Namwogopea mdogo wangu.

Ijumaa, 8 Agosti

Nina mpango. Nimefurahi kama niliyeokota kitu.

Wazee watapiga kura ya varanda, wamezoea kukaa pale. Vijana ndio wengi, na vijana wana Shaibu. Shaibu ni mtoto wa mama mdogo, nahodha wa timu ya kijiji. Akisema twendeni, wanakwenda. Timu haina jezi, wanacheza vifua wazi dhidi ya wenye fulana. Nimempigia. Nikamwambia nitawaletea jezi timu nzima, na wao wanyooshe mikono kwa nyumba ya nesi.

Kajibu bila kupumua, "Dada Somoe, wewe tena? Vijana wote tuko nyuma yako."

Si rushwa. Ni jezi.

Jumapili, 10 Agosti

Siku yangu ya mapumziko. Mutua kanipeleka sokoni Deira. Mutua ni dereva wa nyumba hii, Mkamba wa Machakos, Jumapili asubuhi kanisani, jioni mpira kwenye simu. Kanichagulia jezi za rangi ya machungwa, kitambaa kinachopitisha hewa, soksi na vyote. Kapatana na yule muuzaji kwa Kiarabu cha barabarani, yalla huku yalla kule, mpaka yule mtu akacheka akashusha bei. Tumezipeleka moja kwa moja kwa watu wa kago.

Njiani kurudi akasema, "Lakini dada, ukimpea mtu jezi si atataka field?"

Nimemwambia aangalie barabara.

Alhamisi, 21 Agosti

Jezi zimefika. Shaibu kanitumia picha. Wamejipanga mbele ya zahanati, mikono kifuani, wanang'aa. Wazuri jamani, watoto wa kwetu. Machozi kidogo yamenitoka.

Chini ya picha kaandika: "Dada umetupa moyo. Tumekaa kikao tumekubaliana timu nzima. Jezi hizi haziwezi kuchezewa kwenye kiwanja cha visiki. Tunaupigania uwanja!"

Nimesoma mara tatu. Mchele umeungua.

Jumamosi, 23 Agosti

Nina hasira na Shaibu, nina hasira na Mutua kwa kuwa alisema kweli, na zaidi nina hasira na mimi. Nimewanunulia wapinzani sare.

Nimempigia Shaibu nikamsema. Katulia, kijana mwenye adabu, kisha akaniambia kwa upole kwamba nesi wa serikali atajengewa na serikali, lakini uwanja nani atawajengea. Ana haki. Ndilo lililoniudhi zaidi.

Mutua haniangalii usoni. Anajizuia asicheke, mabega yanamtikisika akiosha gari.

Jumatatu, 25 Agosti

Bi Rayya kaniuliza mbona samaki wa leo kapigwa. Kweli nilikuwa nampara kwa ghadhabu. Nikamwaga yote: msitu, nesi, Zuhura, jezi. Nilipofika kwenye jezi alicheka mpaka nikamletea maji. Miaka yote hii Dubai na bado anacheka Kiunguja, kwa mwili mzima.

Halafu kakaa sawa. Alitaka kujua kila kitu, mkutano unafanyika wapi, watu wanakaaje. Nikamweleza: kwenye uwanja wa shule, mwenyekiti mezani, watu wananyoosha mikono, baadaye pilau. Pilau ya msitu haikosekani. Nyama, mchele, kila mtu anakula mpaka anakamatwa na usingizi.

"Ebo," akasema. "Na hiyo pilau anaipika nani?"

Wanawake, Bi Rayya. Nyuma ya madarasa. Tangu asubuhi.

"Na wanaopika, kura wanapiga saa ngapi, mwanangu?"

Nimesimama na kisu mkononi kama mjinga. Tangu nimekuwa mtu mzima kule kijijini nimehudhuria mikutano ile yote. Nimekoroga, nimepepeta, moshi umeniingia machoni. Makofi nimeyasikia kutoka nyuma ya ukuta. Mkono wangu sijaunyoosha hata mara moja. Na hakuna aliyenikataza. Nyama ilikuwa jikoni tu.

Jumanne, 26 Agosti

Nimempigia mama. Mama ndiye mkubwa wa masufuria, yeye hugawa kazi. Nikamwambia mwaka huu wanawake waache kupika waende kwenye kura.

Kasema, "Somoe, watu watoke mashambani mbali huko wakae na njaa? Tutasemwa."

Nikamjibu vibaya. Nikamwambia heri kusemwa kuliko kumzika mjukuu mwingine.  Nikasikia kuku wake tu. Kisha akasema ana kazi, akakata.

Mtoto hamsemeshi mzazi hivyo, na mimi nimemsemesha mama yangu. Nimejisikia vibaya siku nzima. Nimepika biriani nzuri sana kwa huzuni.

Alhamisi, 28 Agosti

Mama hapokei. Zuhura anasema mama yuko kwa jirani. Jana pia alikuwa kwa jirani. Jirani gani huyo?

Ijumaa, 29 Agosti

Bi Rayya kaomba dua baada ya sala ya Ijumaa, kataja kijiji chetu kwa jina, na kalitamka vizuri. Nimembusu mkono.

Jumamosi, 30 Agosti

Asubuhi. Nimepiga kwa mama, kwa Zuhura, hata kwa Shaibu. Wote hawapokei. Mkutano umeanza.

Mchana. Bado. Nimeosha vyombo safi.

Alasiri. Mutua kaja jikoni kuuliza. Kakaa na chai yake, hakuondoka. Bi Rayya naye kahamia mezani jikoni na tasbihi yake, eti sebuleni kuna joto. Kiyoyozi cha sebuleni ndicho kikubwa. Nawapenda hawa watu.

Jioni. Zuhura kapiga! Nimemweka kwa sauti kubwa, wasikie wote. Naandika kama alivyosema.

Mkutano umefunguliwa, mwenyekiti kasoma taarifa ya magogo, watu wananusanusa. Hakuna harufu. Hakuna moshi nyuma ya madarasa. Mara wanawake wakatokea, mmoja mmoja, kila mmoja na sufuria lake kichwani. Mama mbele. Wakaenda mpaka mbele kabisa, wakayashusha, wakayafudikiza, wakayakalia. Mstari mzima wa masufuria meusi na kanga.

Mwenyekiti akauliza pilau ikoje.

Mama akasimama. Mama yangu, ambaye hajawahi kusema mbele za watu ila kwenye kilio. Akasema, "Mchele upo na nyama ipo, mwenyekiti. Tukishapiga kura tutapika."

Watu wakacheka. Mwenyekiti naye akacheka, atafanya nini tena, mkewe yuko juu ya sufuria la tatu. Huko kwa jirani kote alikokuwa mama wiki hii, alikuwa akipita nyumba kwa nyumba. Mimi namlaumu na yeye anatembea.

Shaibu akasimama na jezi yake akautetea uwanja, na Zuhura anasema aliutetea vizuri. Kisha mama akamwomba Zuhura ainuke.  Aliinuka tu na tumbo lake, akasimama pale mbele ya watu waliomsaidia kuzika, akakaa.

Varanda ilipata wazee na mikono michache. Uwanja ukapata vijana. Nyumba ya nesi ilipotajwa, wanawake wakanyoosha mikono wote, na mwenyekiti hakuona haja ya kuhesabu mara mbili. Shaibu alikuwa amekaa mbele, mama mdogo kamkazia macho kutoka juu ya sufuria lake. Akanyoosha na yeye. Nyuma yake jezi za machungwa zikainuka moja moja, mpaka kipa.

Nyumba ya nesi imepita.

Mutua karuka akagonga taa. Bi Rayya kapiga kigelegele. Sikujua anaweza, kapiga kirefu, mpaka jirani Mwarabu katuma mtu kuuliza kama kuna harusi. Tukampa kaimati.

Jumapili, 31 Agosti

Nimeongea na mama. Nilianza kumwomba radhi, akanikatiza. Kasema pilau iliiva jua linashuka, watu walikula kwa njaa ya kweli na hakuna aliyelalamika, na chumvi ilizidi kidogo kwa sababu kila mtu alikuwa anaongea. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, kwamba kukaa mbele ni kuzuri. Unaona nyuso.

Radhi nimepewa. Najua kwa jinsi alivyoniagiza majani ya chai.

Shaibu kaandika. Hana kinyongo. Timu itafyatua matofali ya nyumba ya nesi, kwa kuwa fungu la maendeleo halitoshi mafundi na vibarua. Mwakani wanaurudisha uwanja mkutanoni, na kaniomba niwe upande wao. Nimekubali, na nitamsemea hata kwa mama. Kwa kweli visiki vile vitamvunja mtu mguu.

Kasema watafyatua wakiwa na jezi. Nimemwambia azifue kwa maji baridi.

Jumatano, 3 Septemba

Bi Rayya anawasimulia wageni wake wa Maulidi habari za masufuria. Kila akisimulia masufuria yanaongezeka. Mimi nimejifanya nakuna nazi nisikilize mpaka mwisho.

Jumapili, 7 Septemba

Mapumziko. Nimelala mpaka saa tatu.

Zuhura kapiga akiwa barazani, nimesikia mtwangio wa jirani. Nesi Upendo kaufuta uhamisho, kamwonyesha mama ile karatasi kisha akaichana. Halafu kanunua mtetea na vifaranga wake kutoka kwa mama, wanalala naye humo humo chumbani na popo mpaka nyumba isimame. Tumecheka.



Mimba hii yote, Zuhura hajawahi kumtaja mtoto. Husema "hali yangu", basi. Leo kaniuliza kama huku kuna nguo za watoto za pamba. Nikasema zipo. Kasema nimpelekee za kichanga. Akafikiri. Kisha akasema na za miezi sita pia, na kama kuna viatu vya mtoto anayeanza kutembea, niangalie bei.

Nimemwambia nitaangalia. Nimevaa, namngoja Mutua hapa getini.