Mukwe Amepika Tufani katika Sufuria Yangu

Jumamosi, siku ya posho. Jua kali, hata kuku wamejificha. Na mimi roho imechafuka.

Leo muchumba wa Feza, binti yangu wa mwisho, alikuja kujionyesha kwa wazee. Amesoma Kinshasa, suti yake ya abakosi imepigwa pasi mpaka inang'aa. Wazee walikaa sebuleni. Mimi nilikuwa jikoni, pahali pa mama mukwe, na muchele wangu kwenye mbabula, jiko la makala, mkaa ule unaowaka.

Ndugu yangu akamuuliza: "Bwana, kazi yako njo gani?"

Akajibu kwamba anatengeneza tufani ndani ya ordinateri, ile kompyuta. Kwa hesabu tu!

Watu wenye akili wanakimbia tufani.

Wazee hawakuelewa. Basi akasimama, akaingia jikoni mwangu.

Mukwe! Jikoni mwa mama mukwe! Hata kwao Kasai wanajua hiyo ni haya kubwa. Nilijifunika uso kwa kikwembe. Yeye, wala habari. Akafunua sufuria, akazungusha mwiko.

"Wazee, makala haya njo bahari yenye joto. Mvuke unapanda. Kule juu unageuka maji tena, unaacha joto lake, na joto lile linavuta upepo mwingine toka pembeni. Upepo unazunguka, katikati inabaki jicho, kumetulia."

Kisha akaondoa makala yangu. Makala yangu!

"Nikipunguza joto la bahari katika hesabu, ukuta wa mawingu unalegea, jicho linapotea. Namna joto linavyoingia njo inaipa tufani umbo."

Tufani gani hiyo? Haikuangusha hata jani. Muchele tu njo ulikufa, wageni wakatafuna mbichi.

Wazee wameondoka wakiniachia neno la mwisho. Nikikataa, hakuna ndoa. Na nilitaka kukataa, nisidanganye. Mupumbavu aliyesoma anachosha kuliko mupumbavu wa kawaida.

Lakini nilimuona Feza. Alikuwa anarudisha makala moja moja kwa vidole, anaungua, anacheka. Tangu tumuzike baba yake sijamusikia kucheka hivyo.

Nimetuma ujumbe kwa mukwe: alete mbuzi wa kuondoa haya aliyonitia. Akimuleta, nitakubali.

Nitamupa mutoto wangu mutu asiyejua mlango wa kuingia na mlango wa kukaa mbali. Mungu anisamehe. Feza anamutaka, si mimi.