Kizibo Kati ya Themanini na Tisini

Masanja, suka wangu,

Nakuandikia nikiwa kwenye kiti cha kondakta, stendi ya Nyegezi, ndani ya basi lisilo letu. Abiria bado wanagombania siti za dirishani. Dereva niliyepewa, suka mpya, ni mtu mzuri tu, anasali kabla ya kuwasha gari. Shida yake ananiamini. Juzi nimemwambia niliwahi kumvua sangara mzito kuliko mke wangu, akaitikia kwa heshima. Wewe ungeniuliza lile swali lako: "Kati ya kilo ngapi na ngapi, Mjita?"

Swali lile lilinitesa sana. Mimi niliyelala Kampala, nikachumbia Lusaka, nikatukanwa kwa lugha nne pale mpakani Kasumbalesa, kila nikifungua mdomo wewe unataka namba mbili, moja ya chini na moja ya juu, niseme ukweli unakaa wapi katikati. Nikisema nimesoma sana, unauliza kati ya kidato gani na gani. Cha pili na cha tatu, Masanja. Cha tatu nilikichungulia mlangoni.

Sasa nikupe habari. Nyingi si nzuri.

Kwanza, siku ile ya ajali abiria wote walitoka wazima. Hilo hukuliona, kwa hiyo naanza nalo. Yule mama wa kuku alitoka na kuku wake, akaanza kuwahesabu kabla hajajikagua mwenyewe. Ng'ombe waliotukatizia barabara nao walivuka wote. Na gari lilisimama, ndugu yangu. Ulivuta kulia, matairi yakalia, tukaserereka, likasimama kabisa, ukingoni kwa barabara. Watu wakaanza kukupigia makofi. Mimi mwenyewe nilikuwa natafuta neno la kukutania. Ndipo udongo uliolowa mvua ya usiku ukaachia chini ya magurudumu ya kulia, na gari likalala taratibu upande wako, kama ng'ombe anayejilaza. Makofi yalikuwa bado hayajaisha.

Tulikuzika Kisesa, karibu na baba yako. Na hapo kwenye matanga ndipo uongo ulipoanza. Kile kifaa cha kurekodi mwendo kilisagika pamoja na dashibodi, basi kila mtu akajitungia namba. Jamaa mmoja aliyekuja kufuata wali akasema ulikuwa kwenye mia na ishirini. Kabla sahani hazijaoshwa, namba imeshafika stendi. Siku hizi wapiga debe hapa wanakuita Mia na Ishirini. Wanaita abiria, "Pandeni huku, mama, dereva wetu siyo Mia na Ishirini." Nimeshapigana na mmoja. Nilipigwa mimi.

Pale matangani nilisimama nikaapa mbele ya mama yako kwamba hukuzidi sabini. Niliamini, au nilitaka kuamini, sijui. Mama yako aliinamisha kichwa akashukuru. Lakini Kabula, mwanao wa kwanza, alinifuata nyuma ya nyumba nikinawa. Alikuwa hajalia tangu tukulete. Shule alikuwa amegoma, kwa sababu wenzake wa kidato cha pili walishapata lile jina la utani. Akanitazama kwa macho yako yale yale.

"Baba mdogo, hiyo sabini umeijuaje?"

Masanja, nimewajibu maaskari wa nchi tano. Kwa mtoto huyo nilijifuta mikono nikatafuta viatu vyangu.

Basi nikaenda kwa yule trafiki aliyepima alama za matairi. Nilikuwa nimemshikia mwisho wa tepu siku ile, kwa hiyo mita arobaini na nane nilikuwa nazijua mwenyewe. Akanieleza, kiungwana kabisa, kwamba kwa lami iliyokauka na basi lililojaa, mahesabu yao ya haraka ni hivi: urefu wa alama zidisha kwa mia na hamsini, halafu utafute kipeuo cha pili. Hapo unapata mwendo wa gari kabla ya breki. Nikamwambia hayo ni madogo, nilikuwa naongoza darasa zima.

Nilipofika Kisesa nikamwita Kabula chini kwenye kivuli cha nyumba. Arobaini na nane mara mia na hamsini tukapata elfu saba na mia mbili. Kipeuo nikakitoa mimi, harakaharaka, kwa kugawa kwa mbili: elfu tatu na mia sita.

"Hiyo ni nusu, baba mdogo," akasema. "Kwa hesabu yako baba alikuwa anarusha roketi."

Akacheka kidogo. Nami nikacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka hapo nyumbani kwako, na mama yako akatoka jikoni kutuangalia kama tumechanganyikiwa.

Mtoto akachora mstari mrefu mchangani kwa kijiti, akaokota vizibo vya soda za matanga, akavipanga kwa nafasi sawa: sabini, themanini, tisini, mpaka mia na ishirini. Akasema tusitafute jibu bado, tutafute kwanza jibu linakaa kati ya ngapi na ngapi. Masanja, nilitazama pembeni. Hakujua amesema nini.

Themanini mara themanini, elfu sita na mia nne: haifiki. Tisini mara tisini, elfu nane na mia moja: imepita. Kwa hiyo uko kati ya vizibo hivyo viwili; akaweka kimoja cha ziada hapo katikati, ndicho wewe. Sabini yangu ikafa hapo hapo, na mia na ishirini ya wale wapumbavu ikafa nayo. Ili ufike huko, akasema, alama zako zingekuwa ndefu mara mbili ya zile nilizozishika kwa mkono wangu.

Nikataka tuishie hapo. Nikamwambia, mwanangu, chukua hicho kizibo chako ukiweke juu ya themanini, ndiyo ruhusa ya basi, tumalize, nani atatuona. Akajaribu themanini na tano mara yenyewe: elfu saba, mia mbili na ishirini na tano. Imepita kidogo mno. Themanini na nne haikufika. Akakisogeza kizibo mpaka karibu kigusane na themanini na tano, kwa nyuma yake. Akasema desimali zake haziishi hata ukiandika mpaka uzee, lakini mahali pake ni pale pale, huwezi kukihamisha.

Kisha akafanya kitu ambacho ningemzuia kama ningekijua mapema. Akaigeuza hesabu. Akatafuta alama zingekuwa na urefu gani kama ungekuwa kwenye themanini kamili. Arobaini na mbili na ushei. Akatoa kwenye arobaini na nane.

"Mita tano na kidogo," akasema. "Kutoka hapa mpaka jikoni kwa bibi."

Tukatazama jikoni. Pale ukingoni mwa barabara, mita tano nyuma ya ulipoishia, udongo ulikuwa mgumu, usingeachia. Nimeukanyaga mwenyewe. Sikumwambia, na hakuuliza, lakini yule ni mwanao, nadhani ameshajua. Akakaa chini juu ya mstari wake akalia. Alilia mpaka jua likahama. Nilimshika tu bega, nikakosa utani hata mmoja.

Sijui ile tano ya juu ya themanini ilitoka wapi. Ile mia na ishirini ilinikasirisha. Hii tano inanikosesha usingizi.

Jioni Kabula alinawa uso, akamwambia bibi yake namba ile ile, bila kuipaka sukari. Mama yako akasema, "Basi ni mwanangu, si yule wanayemsema." Akaenda kupika. Jumatatu mtoto alirudi shule.

Mimi nimebaki na kizibo, kiko mfukoni mwa shati. Nakuahidi, suka, mimi mwongo wako: hapa stendi wakisema mia na ishirini nitawachorea mstari chini, na wakinionea huruma wakasema labda ilikuwa sabini, nitawachorea ule ule. Themanini na tano kasoro. Sitaongeza, sitapunguza. Na Kabula nitamwangalia kama wa kwangu mpaka amalize hivyo vidato vilivyonishinda.

Dereva anawasha. Tutapita pale. Alama zako zimeanza kufutika kwenye lami, usijali, urefu wake ninao.

Pumzika, ndugu yangu. Njia nyeupe, mlango nimefunga, na nyuma hakuna mtu. Nagonga bodi kama siku zote. Nenda.