Mji Unaoongea kwa Mikono

Mama Mshauri, shikamoo. Naomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujaniona mtu wa ajabu, maana jambo hili nimelibeba siku tisa na leo limenielemea, naandika nikiwa nimekaa juu ya sanduku langu la vifaa huku kazini, kwa sababu nyumbani siwezi kushika kalamu bila mke wangu kuuliza naandika nini.

Mimi ni fundi wa lifti. Kampuni yetu imefungua tawi katika jimbo la jirani na mimi ni mmoja wa wanaohamishwa, na kwa kuwa karakana mpya iko katikati ya miji miwili, bosi ametuambia kila mtu achague mji atakaoishi na familia yake, jibu lifike ofisini kabla ya Ijumaa ijayo. Mke wangu alishachagua zamani. Ana daftari lenye kila kitu, shule, hospitali, maji, usalama wa mtaa, bustani ya watoto, na ule mji mkubwa umepata alama ya vema kila ukurasa, tena dada yake anaishi huko, tena kuna mwalimu bingwa wa kufundisha watoto viziwi kutamka. Mji mdogo aliupa nusu ukurasa, akaukata kwa mstari.

Hapo kwenye kutamka ndipo penye kidonda changu. Tuna mtoto mmoja, binti wa miaka saba, tunamwita Chiriku, jina alilopewa na bibi yake alipokuwa mchanga kwa jinsi alivyokuwa akipiga kelele kutwa nzima, bado hatujajua kwamba hasikii. Hasikii kabisa, hata ukiangusha sufuria nyuma yake. Tulipogundua, mtaalamu mmoja alituambia tukimzoesha kuongea kwa mikono ulimi wake utalala na hatatamka neno maisha yake yote, basi mke wangu, aliyekuwa mwalimu wa chekechea, akaacha kazi, akakaa na mtoto mbele ya kioo cha kabati, kila siku, miaka minne, vidole vya mtoto kooni mwa mama ili ausikie mtetemo, kipande cha karatasi mbele ya midomo ili kiruke akisema "pa". Mama, nimemwona mwanamke yule akilia kwa furaha ya neno moja, "maji". Leo Chiriku ana maneno kama arobaini, mengine tunayaelewa sisi wenyewe tu. Na mimi kazi yangu ilikuwa mikono. Mezani akianza kuonyesha kitu kwa vidole, mimi ndiye niliyemshika mikono nikaiweka mapajani mwangu, taratibu, huku natabasamu, nikingoja aseme. Niliona huo ndio upendo.

Sasa, siku tisa zilizopita nilitumwa kukagua lifti ya jengo la manispaa katika ule mji mdogo, ule uliokatwa kwa mstari. Shule zimefungwa, mke wangu ana miadi kwa daktari wa meno, nikaondoka na Chiriku. Pale mapokezi nilimkuta mama mtu mzima, miwani inaning'inia kifuani, nikamwambia, "Mama, huyu hasikii, naomba tu asitoke nje nikiwa chini."

Akamtazama mtoto, akanitazama mimi. "Hasikii? Basi amefika."

Sikuelewa, nikashuka kwenye shimo la lifti. Saa mbili baadaye napanda, mikono imejaa grisi, kiti cha mtoto kitupu, mapokezi hakuna mtu. Nikatoka mbio hadi barazani, na hapo nikasimama. Chiriku alikuwa amesimama katikati ya watu watatu, yule mama, muuza matunda na tarishi mwenye mfuko wa barua begani, mikono yote iko hewani inakwenda huku na huku, hakuna sauti hata moja isipokuwa kicheko, na anayecheka ni mwanangu, anacheka mpaka anashika tumbo.

Yule mama akanieleza kwamba shule ya viziwi ipo mji ule tangu enzi za babu zao, wanaomaliza wengi hawaondoki, wanaoa, wanaolewa, wanafungua maduka, na wenye masikio yao wamejifunza alama kidogo kidogo, "maana utanunuaje mkate bila kuongea na mwokaji?"

Bado anaongea, Chiriku akanivuta kwa shati mpaka mbele ya lifti. Akaionyesha. Akanyanyua mkono juu, akauachia ushuke ghafla, akatikisa kichwa kwamba hapana, halafu akafanya alama moja kwa vidole karibu na kichwa, nyusi zimepanda, akanikazia macho. Nikamgeukia yule mama.

"Anauliza kwa nini haianguki."

"Anauliza?"

"Anauliza, baba. Hiyo alama ya mwisho ni 'kwa nini'. Nimemfundisha asubuhi hii na ameshanichosha, kwa nini hiki, kwa nini kile, kwa nini miwani yangu ina kamba."

Mama Mshauri, mwanangu hajawahi kuniuliza swali. Miaka saba. Maneno yake yote ni vitu, maji, mkate, mpira, mama, sikujua kwamba ndani mwake kulikuwa na "kwa nini" imekaa inasubiri. Nikamwambia yule mama, "Mwambie ina kamba sita za chuma, na hata tano zikikatika, ile moja inayobaki inaibeba." Akamtafsiria. Chiriku akaangalia mikono yangu yenye grisi, akaniangalia usoni, kama ndiyo kwanza ananiona, akanikumbatia mguu pale pale mbele ya watu. Kumbe alikuwa hajui kazi ninayofanya. Kila asubuhi anamwona baba anatoka na kila jioni anamwona baba anarudi, basi.

Tulitembea mji ule mpaka jioni na mimi nilikuwa kama mtu aliyeingia mahali patakatifu. Mafundi rangi juu ya jukwaa ghorofa ya tatu wanapiga soga na mwenzao aliye ng'ambo ya barabara, hakuna anayepaza sauti. Kinyozi anaongea na mteja anayepita, kioo kikiwa kati yao. Wanawake wawili, kila mmoja kwenye veranda yake, mikono inakata hewa, nikasimama kuwashangaa, mwenye duka akaninong'oneza, "Usiwatazame hivyo, wanatukanana." Na kila aliyepita, kila mtu, alimsalimia mtoto wangu kwanza, kisha mimi.

Tuliporudi, kufika mlangoni kwetu, nilifanya jambo ambalo ndilo linanikosesha raha. Nilimshika Chiriku mikono yote miwili, nikaibana, nikaweka kidole mdomoni, nikamwonyesha mlango ambao mama yake yuko nyuma yake. Alielewa. Aliitia mikono mwenyewe mfukoni, akaingia ndani. Mke wangu akauliza, "Safari ilikuwaje?" nikajibu, "Ya kawaida." Tangu siku hiyo mtoto anajifungia bafuni, anasimama mbele ya kioo kidogo cha humo na kuongea peke yake kwa vidole. Sahani zimeshafungwa kwenye maboksi, shemeji ameshatupatia nafasi ya shule. Nikisema, ninamwambia mke wangu kwamba miaka yake minne ilikuwa bure. Nisiposema, sijui nitaishi vipi na zile nyusi zilizopanda. Nifanyeje?

Mimi, Fundi wa Lifti

*

Fundi, marahaba.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, na nina miaka kumi na tisa kwenye kiti hiki, nimezoea vituko vya kila aina. Mtoto anauliza "kwa nini" kwa mara ya kwanza akiwa na miaka saba, na anamuuliza baba yake! Ulichokiona ni kikubwa na una haki ya kutetemeka. Sasa acha kutetemeka, tuongee.

Umekosea, tena sana, na kosa lenyewe halikuanzia mezani. Pale mezani ulikuwa unafuata neno la mtaalamu, ulidanganyika kama wazazi wengi. Kosa ni la mlangoni. Ulimpa mtoto wa miaka saba siri ya kumficha mama yake, na ukampa siku ile ile aliyopata cha kusema. Kamwondolee leo. Si kesho, si Alhamisi jioni ukisubiri mkeo awe na furaha. Leo, kabla hujavua viatu.

Na ukiongea, chunga ulimi. Ole wako umwambie mkeo kwamba amepoteza miaka yake. Nani alimfundisha mtoto yule kumtazama mtu usoni bila kuchoka? Nani alimjulisha kwamba mwendo wa midomo una maana, kwamba watu wanatumiana mambo? Unadhani mtoto ambaye hajawahi kufundishwa chochote angeshika alama zile zote kwa asubuhi moja? Kioo cha kabati kina mchango wake. Mwambie hivyo, na uwe unaamini unachosema.

Halafu usimweleze mji. Hutaweza, utababaika, naye atasikia kwamba umemsaliti. Mpeleke. Au bora zaidi, mwache aende na mtoto bila wewe, akae siku mbili tatu, abebe daftari lake. Ndiyo, daftari! Usilicheke. Mji haufai familia kwa sababu baba mtu amepigwa na butwaa mchana mmoja. Aingie darasani akae nyuma: je, watoto wanafundishwa kusoma na kuandika vizuri, au wanalelewa tu? Masomo ya kutamka yanaweza kuendelea sambamba? Mtoto akiugua, hospitali iko wapi, na nesi anamwelewa? Kuna nafasi ya mwalimu wa chekechea, maana huyu mama naye ana maisha yake? Na shemeji aambiwe mapema, kwa heshima, si kwa ujumbe wa maneno matatu.

Kuhusu yule mtaalamu, mtafuteni mwingine, mumuulize waziwazi. Binafsi sijawahi kuona mtoto aliyefungwa mkono wa kulia ili wa kushoto ujifunze kushika kijiko.

La mwisho ni lako peke yako. Swali la kwanza la mwanao ulilijibu kupitia mgeni. La pili usijibu hivyo. Muombe bosi siku chache zaidi, na wakati mkeo yuko safarini, wewe nenda katafute mtu wa kukufundisha. Mkihamia huko au msihamie, katika mji wowote wa dunia hii mtoto huyo ataishi nyumbani kwako kwanza.

*

Hayo nilimtumia Fundi kwa haraka, kabla ya Ijumaa yake, na nikayaweka kabatini. Wiki hii imenifikia barua nyingine, mwandiko wa kike, ulionyooka kama wa ubaoni. Nimeruhusiwa na wote wawili kuyachapa yote pamoja.

"Mama Mshauri, mimi ndiye mwenye daftari. Mume wangu aliniambia akiwa amesimama mlangoni na viatu miguuni. Sikumsemesha siku mbili. Nilikwenda mji ule na Chiriku, kwa hasira, nimekusudia kutafuta ubaya, na nikaupata: maji yanakatika, hospitali ni ndogo, bustani ya watoto ina bembea moja. Nikaandika yote. Siku ya tatu shule zilifunguliwa, mtoto akakaribishwa darasani, nami nikakaa nyuma. Mwalimu wao mwenyewe hasikii. Aliwauliza watoto jambo, wakanyoosha mikono kumi na nne kwa mara moja, na mmoja ulikuwa wa mwanangu. Mimi nimefundisha chekechea miaka sita, naujua mkono unaonyooshwa kwa kubahatisha na naujua mkono wa mtoto mwenye jibu. Nilifunga daftari.

"Tumehamia, mwezi wa tatu sasa. Dada yangu bado ananijibu kwa mkato. Masomo ya kutamka yanaendelea Jumamosi, na neno jipya ni 'lifti', nadhani unajua kwa nini. Mimi na baba yake tunasoma alama jioni kwa yule mama wa mapokezi, na mume wangu ni mzito, vidole vimezoea spana.

"Nakuandikia kwa sababu ya jana. Asubuhi, nikimchana nywele, Chiriku aligeuka akaanza kunieleza jambo, haraka haraka, kuna ndege, kuna maji mengi, kuna baba yake amekuwa mdogo kama kidole, na mimi sioni kichwa wala mkia, mpaka alipolaza shavu kwenye kiganja na kufumba macho. Alikuwa ananisimulia ndoto. Mama, nimelala chumba kimoja na mtoto huyu miaka saba na sikujua kama anaota. Nilikaa chini sakafuni na kitana mkononi. Ndoto yenyewe niliielewa nusu. Nusu iliyobaki nimemuomba anisimulie tena leo akitoka shule."